Jina Halimo Katika Orodha ya Watahiniwa: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Baada ya Tarehe ya Usajili Kupita

Mara nyingi habari hii huja kimyakimya. Mwalimu wa taaluma anabandika orodha ya watahiniwa ukutani, wanafunzi wanasongamana kutafuta majina na namba zao, na mmoja anapitisha kidole kutoka juu hadi chini, anarudia kutoka chini hadi juu, kisha anajitenga bila kusema neno. Mzazi anakuja kuambiwa jioni. Kufikia hapo tarehe ya mwisho ya usajili ilikwisha kupita wiki au miezi iliyotangulia, mfumo umefungwa, na kila ofisi inayoulizwa inamwelekeza mtu kwenye ofisi nyingine.

Mwongozo huu ni wa mzazi huyo na kijana huyo. Sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, na pale ninapotaja sheria ya nchi fulani ninaitaja kwa jina ili msomaji aone inavyofanya kazi na akaulizie ya kwao; hata hivyo, mwenendo wa migogoro hii hufanana sana popote penye baraza la mitihani na tarehe ya mwisho. Nimesadiki kwamba wengi wanaoshindwa huponzwa na mambo mawili: huanza kudai wakiwa wamechelewa kwa mara ya pili, na huingia ofisini au mahakamani na uchungu wa mzazi pasipo karatasi ya kuuthibitisha. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kuziba mapengo hayo mawili.

Kwanza, fahamu una mgogoro wa aina gani

Watu husema "amekosa usajili" kana kwamba ni jambo moja, ilhali chini ya maneno hayo mna mambo manne tofauti, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni kosa la shule. Ada ilipokelewa, fomu ikajazwa, cheti cha kuzaliwa kikakabidhiwa, lakini mhusika hakuingiza jina katika mfumo, au aliliingiza akasahau kulithibitisha. Huu ndio mgogoro wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu mtoto alitimiza kila alichotakiwa kutimiza, na aliyepitiwa na tarehe ni mtu ambaye mtoto hana mamlaka juu yake.

La pili ni hitilafu ya malipo au ya mfumo wenyewe. Fedha zimetoka, ujumbe wa simu unaonyesha muamala umekamilika, lakini baraza halikuona malipo kwa sababu namba ya kumbukumbu iliandikwa vibaya, au malipo yaliingia baada ya saa sita usiku wa siku ya mwisho. Hapa ushahidi huwa wa dakika na sekunde, na mara nyingi unapatikana, maana benki na kampuni za simu hutunza kumbukumbu za miamala.

La tatu ni kuchelewa kwa mzazi au mtahiniwa mwenyewe: ugonjwa, msiba, kukosa fedha, au kuhama shule katikati ya mwaka. Usikate tamaa ukiwa hapa, ila kubali mapema kwamba unaomba hisani ya kisheria, yaani mamlaka itumie hiari yake kwa wema, na huwezi kudai kwamba kuna aliyevunja wajibu wake kwako.

La nne ndilo linalowapoteza wengi. Ni mgogoro wa sifa uliovishwa nguo ya tarehe. Shule inasema muda umepita, kumbe sababu halisi ni mahudhurio pungufu, alama endelevu zilizokosekana, kutofaulu mtihani wa kidato kilichotangulia, au deni la karo. Uliza swali moja na udai jibu la maandishi: kama mfumo ungefunguliwa leo, je, mngemsajili? Jibu likiwa "hapana", unapigana vita nyingine, na barua inayolalamikia tarehe haitakufikisha popote. Kuhusu deni la karo niseme wazi ninavyoamini: kumzuilia mtoto usajili ili mzazi alipe ni kumtumia mtoto kama rehani, na shule yenye madai halali ina njia nyingine za kuyadai.

Pili, hesabu siku kwa kurudi nyuma

Chukua kalenda, weka alama siku ya mtihani wa kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma hadi leo. Usisahau kwamba mitihani ya vitendo na ya mazungumzo huanza mapema kuliko ya kuandika, hivyo siku ya kwanza inayokuhusu inaweza kuwa karibu zaidi ya unavyodhani.

Hesabu hiyo ina maana kwa sababu tarehe ya mwisho haikuwekwa kwa ukaidi. Idadi ya waliosajiliwa ndiyo inayoliambia baraza lichapishe karatasi ngapi za kila somo, zifungwe bahasha ngapi kwa kila kituo, wasimamizi wangapi wateuliwe, na vifaa gani vya maabara viagizwe. Kila hatua ikikamilika, mlango unazidi kusinyaa. Mabaraza mengi huwa na dirisha la kawaida, halafu dirisha la kuchelewa lenye faini, na baadaye kipindi kifupi cha kusahihisha majina na masomo. Ukibaini tatizo wakati dirisha la faini bado liko wazi, acha kusoma mwongozo huu, nenda ukalipe faini, na mjadala wa nani alikosea uje baadaye. Ukibaini katika kipindi cha masahihisho, omba jina liingizwe kama sahihisho la kosa la uandishi, kwa kuwa maofisa huona ni rahisi zaidi kurekebisha orodha iliyopo kuliko kufungua usajili upya. Karatasi zikishachapwa na kufungwa, ombi lako libadilike: uombe mtahiniwa aongezwe katika kituo ambacho tayari kinafanya masomo hayo hayo, kwa kutumia nakala za ziada ambazo kwa kawaida hufungwa kwa ajili ya dharura.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na katika jambo hili methali hiyo inasomeka kama ilivyo. Ombi linalopelekwa siku mbili baada ya kugundua tatizo hupokewa kwa sikio tofauti kabisa na ombi lile lile likipelekwa baada ya wiki sita za "mwalimu alisema atashughulikia".

Tatu, kusanya mnyororo wa ushahidi

Fanya kazi hii ndani ya siku moja au mbili, kabla kumbukumbu hazijafutika na kabla watu hawajaanza kujihami. Unatafuta mnyororo unaoonyesha jambo lilipita mikononi mwa nani, lini, na likakwama wapi. Chukua stakabadhi ya ada ya mtihani au taarifa ya muamala yenye saa. Nakala ya fomu iliyojazwa. Tangazo la baraza lenye tarehe ya mwisho. Waraka ambao shule iliwatumia wazazi, kama ulikuwapo. Ripoti za maendeleo na kumbukumbu za mahudhurio zinazoonyesha kwamba mtoto alikuwa darasani. Na namba za utambulisho alizopewa katika ngazi zilizotangulia. Namba hizi zina uzito. Tanzania mwanafunzi hubeba namba ya PREM, yaani namba ya kumbukumbu zake za shule, tangu shule ya msingi, na nchini India bodi ya elimu ya sekondari ya CBSE huwasajili wanafunzi darasa la 9 na la 11, mwaka mmoja kabla ya shule kuwasilisha orodha ya watahiniwa wa darasa la 10 na la 12. Mtoto mwenye usajili huo wa awali ana hoja nzuri: baraza lilikwisha kumfahamu, na kilichopungua ni hatua ya mwisho tu.

Mazungumzo ya simu yahifadhi yakiwa kamili. Picha ya skrini iliyokatwa ili ionyeshe sentensi moja huzua shaka, lakini mfululizo mzima wenye tarehe, hata ukiwa na maneno yasiyokupendeza, huaminika.

Kisha andika ukurasa mmoja wa mtiririko wa matukio. Usiweke hisia, weka tarehe na vitendo. Mfano wake ni huu:

Februari 3: shule yawatangazia wazazi ada ya mtihani, waraka umeambatishwa.
Februari 9, saa 4:12 asubuhi: ada yalipwa, taarifa ya muamala imeambatishwa.
Februari 10: mwanafunzi akabidhi fomu na nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa mwalimu, daftari la mapokezi la shule, mstari wa 31.
Februari 28: usajili wafungwa.
Aprili 14: orodha yabandikwa, jina halimo.
Aprili 15: mzazi aandika barua kwa mkuu wa shule, nakala yenye mhuri imeambatishwa.

Tazama mstari wa Februari 10. Daftari la mapokezi, mstari wa 31, ndilo jambo ambalo ofisa wa baraza au jaji atalikumbuka akishafunga jalada. Maelezo kama "tulikabidhi fomu mapema" husahaulika papo hapo. Kwa hiyo rudi shuleni ukaombe kuliona daftari hilo, na uombe nakala ya ukurasa wake.

Swali jingine la kujibu katika ukurasa huo ni lini hasa mtahiniwa alijulishwa tarehe ya mwisho, na kwa njia gani. Kanuni ya haki inasema mtu asiadhibiwe kwa sharti ambalo hakufikishiwa kwa njia ya kawaida. Mwanafunzi wa shule humtegemea mkuu wake kwa taarifa zote za baraza, ilhali mtahiniwa wa kujitegemea hutarajiwa kufuatilia matangazo mwenyewe, hivyo hoja hii humsaidia wa kwanza kuliko wa pili.

Nne, barua ya kwanza ni kwa mkuu wa shule

Barua hii iwe fupi, yenye heshima, isiyotishia. Lengo lake ni kupata maandishi kutoka kwake. Katika migogoro ya aina ya kwanza hakuna waraka wenye thamani kuliko barua ya mkuu wa shule inayokiri kwamba mwanafunzi alikamilisha taratibu zote na kwamba jina liliachwa kwa kosa la shule. Wakuu wengi huogopa kuiandika, na hofu yao inaeleweka. Mweleze kwamba akiiandika mapema, baraza linaweza kulimaliza jambo kiofisi. Akikataa, atalazimika kulieleza kwa kiapo. Nimeona kwamba mkuu akiambiwa hivyo kwa upole, bila watu wengi chumbani, mara nyingi huandika.

Jambo moja usilikubali kwa vyovyote: pendekezo la mtoto kutumia namba ya mwanafunzi aliyeacha shule, au kufanya mtihani kwa jina la mwingine "halafu tutarekebisha". Huo ni udanganyifu wa mtihani. Humgeuza mtoto aliyeonewa kuwa mkosaji, na matokeo yake yanaweza kufutwa hata miaka baadaye. Vivyo hivyo kwa anayesema anamfahamu mtu ndani ya ofisi atakayefungua mfumo kwa malipo ya pembeni.

Tano, barua kwa baraza la mitihani

Barua hii ndiyo moyo wa shauri lote, kwa sababu mambo yakifika mahakamani jaji ataisoma hii kwanza ili ajue uliomba nini na ulijibiwa nini. Iandikwe kwa katibu au mtendaji mkuu wa baraza, ipitie kwa mkuu wa shule na kwa ofisa elimu pale utaratibu unapotaka hivyo, lakini nakala nyingine ipelekwe moja kwa moja ili isilale juu ya meza ya mtu. Muundo wake unaweza kuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUSAJILIWA KWA MTAHINIWA ALIYEACHWA KATIKA ORODHA YA KITUO NAMBA …

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa, mwenye namba ya utambulisho … Ada yake ya mtihani ililipwa Februari 9, siku 19 kabla ya usajili kufungwa, na fomu yake ilipokelewa shuleni Februari 10. Jina lake halikuwasilishwa katika Baraza lako kwa sababu zilizoelezwa katika barua ya mkuu wa shule iliyoambatishwa. Tulilitambua jambo hili Aprili 14 na tumeandika bila kuchelewa.

Ninaomba Baraza limsajili pamoja na faini yoyote ya kuchelewa itakayoelekezwa. Iwapo hilo halitawezekana, ninaomba asajiliwe kuwa mtahiniwa wa kujitegemea katika kituo chochote kinachofanya masomo yake. Iwapo maombi yote mawili yatakataliwa, ninaomba nijulishwe kwa maandishi kanuni iliyotumika na sababu za uamuzi huo. Kwa kuwa mtihani wa vitendo unaanza tarehe …, ninaomba jibu ifikapo tarehe …"

Kila aya ina kazi yake. Kujitolea kulipa faini kunaonyesha kwamba hutaki kubebesha umma gharama ya kosa. Ombi mbadala linampa ofisa njia ya kusaidia bila kuvunja utaratibu wake. Kudai sababu za maandishi ni hatua ambayo wengi huiruka, wakati ndiyo inayofungua mlango wa mahakama: nchini Kenya, kwa mfano, Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wake.

Peleka barua kwa mkono. Nakala yako igongwe mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, na uandike jina na cheo cha aliyeipokea. Wakikataa kugonga mhuri, itume siku hiyo hiyo kwa barua pepe na kwa njia ya posta yenye stakabadhi. Siku uliyoomba jibu ikipita kimya, andika ukumbusho wa mistari mitatu. Kimya kilichothibitishwa kwa barua mbili zenye mihuri hushughulikiwa na mahakama karibu sawa na kukataliwa.

Sambamba na hayo, peleka malalamiko katika chombo cha kusimamia haki za kiutawala, kama vile Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nchini Tanzania au Tume ya Haki ya Utawala nchini Kenya. Vyombo hivi havina kasi ya mahakama, lakini simu moja kutoka kwao huweza kuamsha jalada lililolala.

Sita, kuamua kama uende mahakamani

Kabla ya kufungua shauri, hakikisha umekamilisha njia za ndani. Sheria ya Kenya niliyoitaja, katika kifungu cha 9, inaitaka mahakama isisikilize maombi ya mapitio, yaani ya kuchunguza uhalali wa uamuzi wa mamlaka ya umma, mpaka njia hizo zimalizike, ila inairuhusu kumsamehe mwombaji kwa mazingira ya kipekee akiomba. Mtihani ukiwa umebaki siku 10, omba msamaha huo waziwazi na ueleze hesabu ya siku.

Ujue pia mahakama itakachokitazama. Katika mapitio ya mahakama, jaji hajiulizi yeye angeamua nini kama angekuwa katibu wa baraza. Anauliza kama uamuzi ulifanywa kwa haki. Misingi mitatu iliyotajwa na Mahakama ya Mabwana ya Uingereza, iliyokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo wakati huo, mwaka 1984, katika shauri la vyama vya watumishi wa serikali, ndiyo inayorudiwa hadi leo katika nchi nyingi zinazofuata mfumo huo wa sheria: uamuzi kuwa kinyume cha sheria, uamuzi kukosa mantiki kiasi ambacho mtu mwenye busara hawezi kuufikia, na uamuzi kufikiwa kwa utaratibu usio wa haki.

Katika migogoro ya tarehe, hoja ninayoiona kuwa imara zaidi ni ya hiari iliyofungwa mikono. Soma kanuni za baraza lako neno kwa neno. Zikisema baraza "linaweza" kupokea usajili uliochelewa kwa sababu za msingi, basi ofisa aliyejibu "mfumo umefungwa" pasipo kuzitazama sababu zako hakutumia mamlaka aliyopewa. Uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1970 katika shauri la British Oxygen ulieleza kwamba mamlaka yenye hiari inaruhusiwa kuwa na sera, mradi isizibe masikio mbele ya mtu mwenye jambo jipya la kusema. Hoja ya pili ni usawa: baraza likiwa limeongeza muda kwa vituo vingine mwaka huo huo kwa sababu zinazofanana, kwa nini si kwa huyu? Ya tatu ni matarajio halali, pale baraza au shule iliyokasimiwa kazi hiyo ilipotoa ahadi iliyo bayana.

Kanuni zikiwa hazina neno "linaweza", hali ni ngumu zaidi. Hapo utalazimika kuonyesha kwamba kanuni yenyewe, ikitumika kwa mtoto asiye na kosa, inamwadhibu kupita kiasi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatambua haki ya elimu katika Ibara ya 28 na unataka, katika Ibara ya 3, maslahi bora ya mtoto yawe jambo la msingi la kuzingatiwa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 una masharti ya namna hiyo katika Ibara ya 4 na ya 11. Hoja hizi zina uzito, ila zisisimame peke yake, kwa sababu baraza litajibu kwamba maslahi ya maelfu ya watoto waliosajiliwa kwa wakati nayo yanategemea mtihani uliopangwa vizuri. Jibu lako liwe la vitendo: mtahiniwa mmoja, kituo kilichopo, masomo yale yale, faini imelipwa.

Saba, kufungua shauri na kuomba amri ya muda

Mtoto asiyetimiza umri wa utu uzima hushtaki kupitia mzazi au mlezi. Omba jina lake lifupishwe kwa herufi katika kumbukumbu. Atalihitaji jina hilo safi maisha yake yote. Wajibu maombi, yaani wanaoshtakiwa, huwa ni baraza, shule, na mara nyingi mwanasheria mkuu wa serikali. Usiiache shule nje kwa kuionea haya, maana bila yenyewe kuwamo baraza litamtupia lawama mtu asiyekuwapo.

Chunga vipindi vya sheria. Uingereza hutaka maombi ya mapitio yafunguliwe mara moja na kwa vyovyote ndani ya miezi 3; Uganda nayo ina miezi 3; Tanzania maombi ya kibali cha mapitio hufunguliwa ndani ya miezi 6. Vipindi hivyo visikulaze, kwa kuwa katika mambo ya mtihani mwezi mmoja wa kimya unaweza kutosha kukunyima amri. Tanzania pia shauri la kawaida la madai dhidi ya Serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90, muda ambao ungemaliza mtihani wote. Ndiyo sababu mawakili huomba zuio linaloitwa Mareva, linalolinda hali iliyopo wakati notisi ikisubiriwa. Mwulize wakili wako suala hili siku ya kwanza.

Pamoja na maombi makuu, wasilisha hati ya dharura, inayoeleza kwa nini shauri lisikilizwe haraka, na maombi ya amri ya muda. Afrika Mashariki mahakama hupima maombi hayo kwa vigezo vitatu, vilivyoelezwa katika kesi za Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969 na Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973. Je, kuna shauri la maana lenye uwezekano wa kushinda? Je, mwombaji atapata hasara ambayo fedha haziwezi kuifidia? Na je, nani ataumia zaidi, akinyimwa amri huyu au ikitolewa dhidi ya yule? Kigezo cha pili ndicho chako. Mwaka wa mtoto hauna bei, na hati ya kiapo iseme hivyo kwa mambo halisi: umri wake, masomo aliyojiandaa nayo, mtihani mwingine utakuwa lini, mtaala unabadilika au la.

Amri unayoomba iwe nyembamba. Usiombe tarehe ya mwisho ifutwe kwa nchi nzima. Omba mtahiniwa huyu aruhusiwe kufanya mtihani kwa muda, karatasi zake zisahihishwe, na matokeo yazuiliwe mpaka shauri liamuliwe. Jaji huona ni rahisi kutoa amri inayoweza kutenguliwa bila kuharibu kitu.

Lakini lazima niseme juu ya hatari yake, kwa sababu familia nyingi hudhani zimeshinda siku amri ya muda inapotolewa. Mwaka 2003, katika shauri lililoihusu bodi ya CBSE, Mahakama ya Juu ya India ililaumu tabia ya kuwaruhusu wanafunzi kufanya mitihani kwa amri za muda, kisha kuja kuomba huruma kwa kuwa mtihani umekwisha na matokeo yametoka. Mtoto anaweza kufanya mtihani, akafaulu, na bado matokeo yasitambuliwe ikiwa shauri kuu litaanguka. Mweleze mtoto jambo hili kwa lugha anayoielewa kabla hajaingia katika chumba cha mtihani, na mbane wakili asiliache shauri lisinzie baada ya mtihani. Kama mgogoro wako ni wa aina ya nne, yaani wa sifa, pima mara mbili kabla ya kuchukua njia hii.

Nane, pale mtihani unapopita

Ikiwa mlango umefungwa kabisa, bado kuna dai dhidi ya shule iliyopokea ada na haikutimiza kazi iliyolipiwa. Unaweza kudai kwa msingi wa mkataba, hasa kwa shule binafsi, au kwa msingi wa uzembe. Dai vitu vinavyohesabika: ada ya mtihani, karo na gharama za mwaka wa kurudia, nauli za kufuatilia. Madai ya mshahara ambao mtoto angeupata baada ya miaka 10 ni magumu mno kuthibitisha, na hupunguza uzito wa madai mazuri yaliyo karibu nayo. Mara nyingi shule hukubali kumsomesha mwaka wa kurudia bila malipo. Makubaliano hayo yaandikwe na yataje tarehe ambayo shule itakuonyesha uthibitisho wa usajili mpya. Angalia pia kama kuna awamu nyingine ya mtihani. Cambridge, kwa mfano, huendesha mitihani yake ya kimataifa katika awamu ya Juni na ya Novemba, na mtahiniwa aliyekosa moja anaweza kuulizia nyingine.

Tisa, siku ya mtihani

Wakati wote huu mtoto aendelee kusoma na kuhudhuria vipindi, kwa kuwa kutohudhuria kutatumiwa dhidi yake, na amri iliyopatikana usiku wa kuamkia mtihani haina faida kwa asiyejiandaa. Mzazi abebe barua na kesi. Mtoto abebe vitabu.

Amri au kibali cha baraza kikipatikana, toa nakala zilizothibitishwa zisizopungua nne: ya mkuu wa kituo, ya msimamizi mkuu, ya mtoto, na ya kwako. Zipeleke kituoni siku moja kabla, ukasaini daftari la kituo kwamba zimepokelewa, na uulize mtahiniwa atakaa wapi na atatumia namba gani. Asubuhi ya mtihani afike mapema akiwa na kitambulisho. Jina lake litakuwa limeongezwa kwa kalamu mwishoni mwa orodha ya mahudhurio, na hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini katika kila somo, tangu la kwanza hadi la mwisho: namba iliyoandikwa kwenye orodha hiyo iwe ile ile, tarakimu kwa tarakimu, na anayoiandika juu ya kila kijitabu cha majibu. Ainakili katika karatasi ndogo jioni ile ile pamoja na jina la somo na saa, na karatasi hiyo iingie katika jalada, nyuma ya amri.